Mkono Ulioziba Soksi ya Zanis

Wifi yangu Argiro ni mwanamke ambaye hata ukimletea maji atakuuliza umeyachota wapi. Sisemi kwa ubaya. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka arobaini na minane, tangu kaka yangu Zanis alipomwoa, Argiro akiwa na miaka ishirini na mmoja, kisha siku ya kumi na mbili baada ya harusi akapanda meli ya mkaa na kumwacha. Ndoa nyingi za hapa Ermoupoli, mji wetu wa bandari, ndivyo zilivyokuwa. Mume anakuja na baridi, anakula, analala, anapaka rangi madirisha, halafu huyo, kaondoka. Anayebaki na mke ni wifi.

Mke wa baharia humjua mumewe kwa nguo chafu. Zanis akirudi, Argiro hakuuliza zawadi kwanza. Alimwaga begi lote sakafuni, akapiga magoti, akaanza kusoma: shati hili limepigwa pasi na nani, kola hii imefuliwa kwa sabuni gani. Kwa miaka mingi hakupata kitu. Nguo zilinuka meli, na meli ni meli. Mpaka mwaka themanini na moja, alipochomoa soksi ya sufu ya kijivu, aliyoifuma kwa mikono yake, akaikuta kisigino kimezibwa.

Sasa, kuziba tundu la soksi ni kazi tunayoijua wanawake wote wa kwetu, na wote tunaziba kwa namna moja, kama mama zetu walivyotufundisha: uzi juu, uzi chini, mpaka panakuwa kama kipande cha mkeka. Ile haikuwa hivyo. Nyuzi zilikwenda mshazari, kushoto na kulia, zimepandana kama miba ya samaki, na katikati uti wa mgongo umesimama. Kazi ilikuwa safi, tena imara. Argiro akaniita dirishani.

"Pelagia, njoo uone. Huu mkono wa nani?"

"Si wangu," nikasema.

"Najua si wako. Wewe huwezi kuziba hata mdomo wako. Nauliza wa nani."

Tukamwendea mwenyewe, aliyekuwa ameketi jikoni akimenya chungwa. Zanis aliitazama soksi, akanitazama mimi, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Imezibwa tu," akasema, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mlitaka nitembee kisigino nje?"

Hakuongeza neno, si siku ile wala baadaye. Mwanamume akiwa mwekundu masikioni ana lake jambo, na mimi dada yake nilitafuta la kumtetea nikakosa. Baharini Zanis alikuwa fundi wa kamba na nanga, lakini nyumbani kifungo kikikatika alikuja nacho mkononi, kifua wazi, akasimama mbele ya mkewe akingoja.

Tangu mwaka ule hakuleta tena soksi iliyozibwa. Alileta zilizotoboka, zote, vidole nje, visigino nje. Ungedhani Argiro angetulia.

"Unaona?" aliniambia. "Kamwambia huyo mwanamke aache. Sasa wanajificha. Kikulacho ki nguoni mwako, wifi, na mimi changu kiko ndani ya soksi."

Akaacha kuziziba. Alizitupa kwenye pipa la taka, Zanis akiona, kisha akashuka sokoni kununua za dukani, nyeusi, nyembamba. Hakumfumia tena hata moja. Ile ya kijivu aliitia kwenye kopo la halua, akalifungia kabatini. Hawakugombana, sitaki kusema uongo. Walilea binti yao, wakamwoza, Zanis akastaafu, wakawa wanakwenda kanisani pamoja. Lakini lile kopo lilikaa kati yao kama mtu wa tatu mezani, na Argiro hakuuliza tena kwa sababu aliogopa kujibiwa.

Kaka yangu alifariki mwezi wa Machi. Argiro hakulia. Siku ya mazishi alisimama kama nguzo, na tulipobaki wawili akaniambia maneno ambayo yaliniuma kuliko kifo chenyewe.

"Sasa nitamwuliza nani? Hebu niambie, Pelagia. Nitamlilia vipi mtu ambaye sijui alikuwa wa nani?"

Tukafika arobaini yake hivyohivyo, mjane akiwa na macho makavu.

Arobaini iliangukia Jumamosi ya mwezi wa Mei, na bandarini palikuwa na meli ya watalii, nyeupe, ndefu kuliko mtaa wetu. Nilitoka nyumbani na mwavuli wangu wa samawati iliyoiva, maana macho yangu yalipasuliwa na daktari kanikataza jua. Nilipita uwanja wa marumaru, nikapanda ngazi za Mtakatifu Nikolao, na mlangoni nilipogeuka kufunga mwavuli nikakuta mwanamke nyuma yangu, karibu anikanyage kisigino. Alikuwa wa miaka sabini hivi, gauni jeusi lisilo na mikono, nywele za mvi, na macho yamejaa machozi. Sikumjua. Lakini kaka yangu alifahamiana na watu wengi, na anayekuja kulia haulizwi jina lake. Nikavua shali yangu nikamfunika mabega, nikamwonyesha benchi. Akaenda kukaa mbele kabisa, upande wa wafiwa.

Alilia ibada nzima. Padri akitaja jina la Zanis, yeye alitoa leso. Argiro aligeuka akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nani yule?"

"Sijui."

"Si umekuja naye?"

"Amekuja nyuma yangu. Kuna tofauti."

Mlangoni tuligawa ngano ya marehemu, ile ya kuchemsha yenye sukari na komamanga, kwenye vifuko vya karatasi. Mgeni alipokea kwa mikono miwili, akapanga mstari kama wengine, akampa mjane mkono na kuinamisha kichwa. Kisha nikafungua mwavuli kuwaongoza watu nyumbani, naye akawa wa kwanza nyuma yangu. Nikipunguza mwendo, anapunguza. Nikisimama kupumua, anasimama. Nilianza kuogopa, lakini sikujua naogopa nini.

Nyumbani palikuwa na kahawa, brandi na mikate mikavu, na juu ya meza picha ya Zanis akiwa na kofia ya ubaharia. Mgeni aliichukua ile picha. Aliitazama sana, akatikisa kichwa taratibu, akaweka kiganja kifuani. Kucha za Argiro zikaingia kwenye mkono wangu.

"Umeona?"

"Nimeona. Toa kucha zako."

Mfamasia Thodoros, aliyekaa Australia miaka minane, alijaribu kumsemesha Kiingereza, lakini mgeni hakuwa na Kiingereza. Alijigusa kifua akasema, "Halina." Akanyoosha kidole mbali, kaskazini. "Gdynia."

"Gdynia!" Argiro akasema. "Poland! Alikwenda Gdynia! Mwaka wa themanini, kupakia mkaa!"

"Argiro, kaka yangu alikwenda kila mahali penye maji."

"Na kila mahali penye maji pana wanawake."

"Bibi Argiro," Thodoros akaingilia kwa upole, "huyu mama ni mtalii. Ametoka kwenye meli ile pale."

"Nani kasema hakutoka melini? Ulitaka aje akiogelea?"

Thodoros akarudi kwenye kahawa yake. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli. Dakika moja nilimwona yule mama ni mtalii tu aliyepotea njia. Dakika ya pili nilimwona akifuta machozi mbele ya picha ya kaka yangu, nami nikasema moyoni, Zanis, Zanis, umetufanyia nini? Mtalii gani anaacha kununua sabuni za zeituni ili akae matangani? Na kama ni mwanamke wake, mwanamke gani ana ujasiri wa kula mikate mikavu mitano nyumbani kwa mke?

Ikaja supu ya samaki. Argiro mwenyewe alimpakulia, akampa kichwa, kipande cha heshima, akakaa mbele yake kumtazama anavyokula. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mimi sikuona anayepona pale. Halina alikula vizuri, akasifu kwa vidole, akaomba mkate tena.

Watu walipoaga mmoja mmoja, na Thodoros akaenda kufungua duka lake, yeye hakuondoka. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mwavuli wangu, akiutazama mwavuli, halafu mimi, halafu mwavuli.

"Anangoja tubaki peke yetu," Argiro akaninong'oneza. "Ana la kusema."

"Atalisema kwa lugha gani?"

"Si lazima aseme."

Akaingia chumbani. Alirudi na soksi ya Zanis, moja ya zile nyeusi za dukani, ya jozi ya mwisho aliyonunuliwa, pamoja na mkasi, sindano, uzi wa sufu na lile yai la mbao tunalotia ndani ya soksi wakati wa kuziba. Mbele ya macho yetu akakata kisigino cha soksi, tundu la kupitisha yai. Nguo ya marehemu!

"Argiro, una wazimu."

"Mdomo unaongopa kwa kila lugha, wifi. Mkono hauongopi." Akamwekea Halina vitu vyote mapajani. "Ziba."

Halina aliitazama soksi. Alinitazama mimi, nikatazama dari. Kisha akatabasamu, akapiga makofi mawili madogo, kama mtu aliyealikwa mchezoni, akaanza kutafuta tundu la sindano. Alichukua muda mrefu kulipata. Alijichoma kidole akakinyonya. Alichokishona hakikuwa miba ya samaki wala mkeka wetu. Alivuta kingo za tundu zikakutana kama mdomo wa gunia.

"Hajui," nikasema, na moyo wangu ukapumua.

"Anajifanya. Hakuna mwanamke wa umri ule asiyejua kuziba soksi. Kwa hiyo anajifanya. Na kwa nini ajifanye, kama hana la kuficha?"

Nikashindwa. Akiziba vizuri, ndiye. Akiziba vibaya, ndiye zaidi. Nilikaa nikijaribu kutafuta ni namna gani Halina angeweza kutokuwa ndiye, na sikuipata.

Saa kumi na robo meli ikapiga honi. Halina akaruka. Aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akashika mwavuli wangu akanipa mkononi, akaanza kusema maneno mengi ya kwao, na machozi tena. Argiro akasimama mlangoni, mikono ameitandaza kwenye miimo.

"Haondoki mpaka nijue."

"Argiro, meli itamwacha!"

"Mimi iliniacha mara ngapi?"

Ndipo ukasikika mlango wa nje ukipigwa, na sauti nzito ya mwanamume ikatuporomoshea tusi la kimelini, tusi zito la lugha yetu, ambalo sitaliandika. Argiro alishangaa mpaka akaachia njia. Akaingia mzee mkubwa, mwekundu kwa jua, kofia ya majani kichwani.

"Halina!"

Wakakumbatiana. Mzee alimbusu paji la uso, akamkaripia, akambusu tena. Kisha akatugeukia sisi na kuomba radhi kwa lile tusi. Akaeleza, kwa lugha yetu iliyovunjikavunjika, kwamba alifanya kazi na mabaharia wa kwetu miaka sita na hilo ndilo neno lililokuwa likianza kila sentensi. Muuza mikate wa chini ndiye aliyemwelekeza: kuna mama mgeni kwenye arobaini ya Zanis. Hapo akaiona picha, kofia, mshumaa, vifuko vya ngano. Akavua kofia yake.

"Baharia?" akauliza.

"Baharia," nikamjibu. "Kaka yangu. Huyu ni mkewe."

"Mimi pia baharia. Zenon. Pole, mama. Pole sana."

Argiro hakuitikia. "Mwulize mkeo anamjua vipi mume wangu."

Zenon akamwuliza. Halina akaeleza, mikono ikiruka huku na huku, na jinsi alivyoeleza ndivyo mumewe alivyozidi kuuma mdomo asicheke mbele ya picha ya marehemu.

"Hamjui. Kiongozi wetu ana mwavuli. Anasema, fuata mwavuli wa samawati. Mimi miguu inauma, nimekaa kahawa. Halina anafuata mwavuli. Lakini uwanjani mwavuli umepotea, halafu ameona mwavuli." Akaunyooshea kidole mwavuli wangu. "Kanisani anaona watu si wetu. Analia, anaogopa. Lakini kila mtu mwema! Shali, ngano, supu. Akafikiri labda kundi la pili. Kwanza kanisa, halafu chakula, halafu somo la kushona. Anasema chakula kizuri. Somo, anasema samahani, hakufaulu."

"Na picha? Mbona aliishika?"

Zenon akauliza, akajibiwa. "Wote wanaitazama. Na yeye akaitazama."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Mwavuli wangu, shali yangu, benchi nililomwonyesha mimi! Nikamgeukia Argiro nikitegemea kuona ahueni, lakini yeye alikuwa amekaa chini, uso umeporomoka.

"Basi si huyu," alisema polepole. "Kwa hiyo ni mwingine. Na sitamjua tena."

Zenon hakumsikia. Alikuwa ameichukua soksi kutoka kwa mkewe, akaitazama ile kazi ya mdomo wa gunia, akatikisa kichwa kwa mapenzi. "Halina hajui. Nyumbani kwetu, mimi." Akakata nyuzi za mkewe, akalowesha uzi mpya kwa ulimi, akatumbukiza sindano. Mimi nilikuwa namimina kahawa ya mgeni. Nilijua kuna kitu kwa sababu Argiro aliacha kupumua.

Uzi ulikwenda mshazari. Kushoto, kulia. Katikati, uti wa mgongo.

Argiro aliondoka bila sauti, akarudi na kopo la halua. Akatoa ile soksi ya kijivu, akailaza juu ya goti la Zenon, kando ya ile nyeusi.

"Niambie wewe," alisema. "Mkono wa nani huu?"

Zenon aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino. "Baharia."

"Baharia yupi? Nauliza mwanamke yupi!"

Hakulielewa swali. Aliitazama picha mezani, akainyooshea sindano kama mtu anayejibu jambo lililo wazi. Kisha akavuta suruali yake juu, akavua kiatu. Kisiginoni kwake mwenyewe, miba ya samaki.

"Sote," akasema. "Serahangi, mkubwa wa mabaharia, anafundisha. Kwanza unashona turubai, halafu soksi. Melini hakuna mama."

Honi ikalia mara ya pili. Zenon akavaa kiatu mbiombio, akaweka soksi mezani, nusu imezibwa, sindano ikining'inia. Nikafungua mwavuli wangu nikatangulia mbele, Halina nyuma yangu bila kubakiza hatua, na mumewe nyuma yake, mpaka kwenye ngazi ya meli. Halina alivua shali akanirudishia, akanibusu mashavu yote mawili. Alisema kitu, na mpaka leo sijui alisema nini.

Niliporudi, Argiro alikuwa analia. Alilia vile ambavyo angelia siku arobaini zilizopita, kwa sauti, mdomo wazi, soksi ya kijivu ameikandamiza usoni. Nikakaa kando yake. Alipopata pumzi akaniuliza.

"Kwa nini hakusema? Neno moja tu, Pelagia. 'Nimeziba mwenyewe.' Angekufa?"

Mimi jibu nilikuwa nalo. Lilikuja kooni tangu Zenon alipoinua ile sindano, nikalishusha bandarini na kurudi nalo. Nikasema, "Kwa sababu na mimi nilikuwa jikoni."

"Wewe unahusika vipi?"

Nikamwambia. Zanis alikuwa na miaka tisa, mama yetu mgonjwa kitandani, naye akakaa kwenye kizingiti kujishonea kifungo cha shati ili mama asisumbuke. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikaita mtaa mzima. Njooni mwone, Zanis anashona nguo zake za kuolewa! Wakamwimbia nyimbo za bibi harusi mpaka jua likazama, na baba aliporudi akamchapa mkanda kwa aibu aliyoileta. Mtaa ulisahau. Mimi pia nilisahau, maana mwenye kucheka hakumbuki. Nikamwambia alivyonitazama kwanza mimi, siku ile ya chungwa, kabla masikio hayajawa mekundu.

Argiro hakunitazama. Alikuwa anafikiria jambo jingine, na nililiona likimfika.

"Na zile zenye matundu?" akauliza. "Alijua kuziba. Alikuwa na sindano. Miaka yote ile, kwa nini aje na matundu?"

Hili nalo nililijua, lakini sikuthubutu kulisema. Alilisema mwenyewe.

"Alikuwa ananiletea mimi nizibe."

Kisha akaongeza, "Nikawa natupa."

Alijifuta uso kwa ile soksi ya kijivu, akavuta ile nyeusi, akatia yai la mbao ndani yake. Nusu iliyobaki aliiziba yeye, juu, chini, juu, chini, kama tulivyofundishwa. Hakuniambia niondoke. Hakuniambia nikae pia. Nilichukua mwavuli wangu, nikauweka tena, nikaenda kuosha vikombe.